Kisu Kilichomvunjikia Omolo

Vijana wangu, haipiti wiki kabla mmoja wenu hajafika hapa kwangu Kisian akiwa na picha kwenye simu. Picha ni ya kisu cha kuwindia: bapa pana, mgongo ulionyooka, mpini wa pembe, ala ya ngozi. Anauliza, "Mzee, cha namna hii kinatengenezwa kwa chuma gani?" Nami humwuliza kwanza, "Utawinda nini?" Hapo anacheka.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini kabla wengi wenu hamjazaliwa. Ukionekana leo na swala begani, utajieleza mbele ya hakimu. Lakini kisu cha kuwindia hakikufa, kilipata tu wenyewe wengine. Wanakinunua wachinjaji, wachungaji, watu wanaopenda kulala kwenye mahema, na wale wanaotaka kukivaa kiunoni wapigwe picha. Kazi yake imebaki ile ile: kuchuna, kufungua viungo, kukata nyama mbali na jiko, mahali ambapo hiki kikiharibika huna kingine.

Mimi nimeacha kufua chuma kwa sababu ya macho. Visu nilivyotengeneza ni vingi na vingi nimevisahau. Kimoja sijakisahau, na ndicho nitakachowaeleza, kwa sababu mnaniuliza habari za chuma na mimi najua kwamba chuma si nusu ya kazi hii.

Aliyenifundisha ni Mzee Swaleh, mjini Kisumu. Baba yake alikuwa mtu wa pwani, mama yake mtu wa huku, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba sisi tuliokulia Kijaluo tuliogopa kufungua mdomo mbele yake. Enzi za vibali vya kuwinda, aliwatengenezea wawindaji visu. Wawindaji walipokwisha, akaendelea na wachinjaji, umbo likiwa lile lile.

Kisu changu cha kwanza nilikitengeneza kwa kipande cha nondo, ile ya kujengea. Nilikinoa siku nzima mpaka kikanyoa nywele za mkono wangu, nikampelekea nikiwa nimevimba kichwa. Alikichukua, akaenda uani, akakata shingo ya kuku mmoja, akarudi. Makali yalikuwa yamejikunja kama sikio la mbuzi.

"Hiki ni kijiko," akasema. "Kapakulie mchuzi."

Nondo ni laini. Hata uichome na kuizamisha mara kumi, haishiki ugumu. Springi za lori ndizo rafiki wa fundi wa hapa: zinavumilia kupigwa, zinavumilia kupindwa, na ukizitia moto vizuri zinashika makali ya kutosha kuchuna ng'ombe mzima kabla ya kurudi kwenye kinoo. Tupa kuukuu inatoa makali makali zaidi, lakini ni kama mtu mwenye hasira, ukiipinda kidogo inakatika. Kwa hiyo tupa mtengenezee mtu wa kukata nyama laini mezani, si mtu wa kufungua nyonga. Wavuvi watakuomba chuma kisichoshika kutu. Wape, lakini uwaambie kitahitaji kunolewa mara nyingi. Na ukiletewa chuma usichokijua, kiguse kwenye jiwe la umeme la kusagia utazame cheche. Cheche zinazopasuka kama maua ni chuma kinachoweza kukubali ugumu. Cheche ndefu zisizopasuka ni nondo imevaa koti.

Sasa sikilizeni jambo hili la springi, kwa sababu ndipo nilipoangukia. Springi ya lori imebeba mizigo miaka mingi kwenye mashimo ya barabara zetu. Kwa nje inaonekana nzima, lakini ndani inaweza kuwa na ufa ambao jicho halioni. Mzee Swaleh alinifundisha kuutafuta. Unasafisha chuma mpaka king'ae, unapaka mafuta ya taa, unasubiri kidogo, unapangusa mpaka kikauke kabisa, kisha unapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuilowesha chaki. Utaona mstari mwembamba kama uzi wa kushonea. Ukiuona, weka chuma kile pembeni. Ndiyo sheria yote.

Omolo alikuwa na bucha hapa Kisian, upande wa pili wa barabara ya Busia. Tulikuwa marafiki tangu ujana. Alikuwa mchinjaji wa kweli, mtu aliyeweza kuchuna ng'ombe bila kutoboa ngozi hata mahali pamoja, huku akikusimulia mpira. Alitaka kisu kikubwa cha kuwindia kama vile vya zamani alivyokuwa akivisikia, nikamwahidi. Springi niliyokuwa nayo ilikuwa nzuri machoni. Nilikifua, nikakichonga, kikatoka umbo ambalo sikuwahi kulipata. Bapa lilikuwa limepinda kidogo kuelekea ncha kama mgongo wa samaki. Nilikaa nacho nikakitazama tu.

Kabla ya kukizamisha kwenye mafuta nilipaka chaki, kama nilivyofundishwa. Karibu na mpini, nikaona uzi.

Ulikuwa mfupi, urefu wa ukucha. Nikauangalia. Nikajiambia ni mkwaruzo wa jiwe la kusagia. Nikapangusa, nikasugua mahali pale kwa msasa, nikapaka chaki tena kwa haraka bila kupaka mafuta upya. Mstari haukuonekana, na ulionekanaje wakati nimeshaupangusa? Nilijua hivyo mkono wangu ukiwa unafanya. Lakini kisu kilikuwa kizuri, Omolo alikuwa anakisubiri, na mimi nilikuwa fundi ambaye watu walitoka mpaka Bondo kumtafuta. Nikakitia moto, nikakizamisha, nikakirudisha kwenye joto la chini mpaka rangi ya chuma ikawa kama chai ya rangi, nikakitia mpini wa pembe. Nikampa Omolo.

"Usikizungushe ndani ya mfupa," nikamwambia, kama ninavyomwambia kila mteja. "Kisu ni cha kukata. Cha kubanjua ni mtaimbo."

"Nimesikia, fundi," akasema, akicheka.

Siku ya tatu yake, asubuhi, watu walikuja wakikimbia kutoka ufukoni. Kulikuwa na kiboko aliyesumbua upande ule kwa muda mrefu, akila mahindi na kufukuza wachota maji. Wiki ile alikuwa amemuua mvuvi mmoja. Askari wa wanyamapori walikuja wakampiga risasi, akaanguka kwenye matope hatua kama arobaini kutoka majini. Walituruhusu kugawana nyama, lakini kwa haraka, kwa sababu kulikuwa na kiboko mwingine, jike, ndani ya maji ambaye hakuwa ameondoka.

Watu walikuja na mapanga na mabeseni. Panga kwenye ngozi ya kiboko linadunda. Ngozi ile mahali pengine ina unene wa vidole viwili. Kwa hiyo wakamwita Omolo, na Omolo akanipigia simu. "Njoo uone kisu chako kikifanya kazi ya kiume."

Nilikwenda. Ningeweza kubaki kwenye fuawe langu. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kusifiwa.

Askari mmoja alikuwa amesimama kati yetu na maji, bunduki mkononi, mgongo wake kwetu. Hakuwa anatuangalia hata kidogo. Jike alikuwa akitoa macho na masikio juu ya maji, akishuka, akitokea tena karibu zaidi. Kila aliposhuka, watu walinyamaza. Alipotokea, walirudi kuzungumza, kwa sauti ya chini.

"Fanyeni upesi," askari akasema bila kugeuka. "Akitoka sitawahi kupiga mara mbili."

Omolo alipiga magoti kwenye matope akaanza. Vijana, ule ulikuwa uchunaji. Hakusukuma kisu, alikivuta, akiingiza ncha chini ya ngozi huku makali yakitazama nje, ili asiguse matope na mchanga vinavyoua makali. Watu wawili walishika ngozi wakiivuta nyuma. Kisu kilikata kama kinaingia kwenye sabuni. Watu walisema, "Hicho ni kisu," na Omolo akanionyesha kwa kidevu, nami nikajifanya sijali. Lakini macho yangu yalikuwa pale karibu na mpini.

Nilisogea karibu. "Omera, ndugu yangu, nipe nikinoe kidogo."

"Bado kina makali."

"Nipe tu. Pumzika."

"Nipumzike na yule?" Akaonyesha maji. Jike alikuwa ametokea hatua chache tu kutoka ukingoni, na askari alikuwa amepandisha bunduki begani.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: acha, kisu kina ufa. Watu walikuwa wamesimama pale, wengine niliwatengenezea visu vyao. Nikanyamaza.

Omolo alifika kwenye nyonga. Kiungo kile kilikuwa kimefichwa na mishipa minene, na ncha ilikwama. Mtu akapiga kelele kwamba jike anatoka. Watu walianza kukimbia na mabeseni yao. Omolo hakutaka kuacha kisu, akakivuta, hakikutoka, akakizungusha.

Sauti ilikuwa ndogo, kama ya kijiti kikavu. Nguvu zake zote zilikuwa zimeegemea mpini, na chuma kilipokatika mkono wake ukateleza mbele ukapita juu ya kipande cha makali kilichobaki. Alikaa chini kwenye matope. Alitazama kiganja chake kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine. Damu ilikuwa ikiruka.

Nyuma yetu bunduki ililia mara moja, juu, hewani. Sikugeuka. Nilivua shati nikalikunja, nikalikandamiza kwenye kiganja, nikainua mkono wake juu ya kichwa chake, nikafunga kwa mkanda wangu. Mtu mwingine akatusaidia kumnyanyua. Tulipofika juu kwenye nyasi ndipo nikaona jike amerudi majini, na askari bado amesimama pale pale.

Kabla ya kuondoka nilirudi mbio kwenye matope nikavitafuta vile vipande viwili vya kisu. Watu walidhani ni uchungu wa fundi. Niliviangalia nikiwa nimewapa mgongo. Chuma kikivunjika kikiwa kizima, mahali pa kuvunjikia pana rangi ya kijivu kinachong'aa, pote sawa. Changu kiling'aa sehemu moja tu. Sehemu ya pili, karibu nusu, ilikuwa nyeusi. Weusi ule ni moto wa karakana yangu uliokuwa umeingia ndani ya ufa siku nilipokichoma. Nikavitia mfukoni.

Gari la askari lilitupeleka hospitali mjini. Omolo aliniegemea njia nzima, uso wake umekuwa wa rangi ya majivu. Karibu na mzunguko wa kuingia mjini akafungua macho.

"Nilikizungusha," akasema. "Uliniambia nisikizungushe."

Nikamwambia apumzike asizungumze.

Daktari alisema kano za vidole viwili zimekatika, kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Walizishona. Baada ya majuma mengi vidole vile vilikuwa vimesimama kama vijiti, havikunjiki. Mchinjaji bila kidole cha shahada hawezi kuongoza kisu. Mkewe, Mama Achieng', akawa ndiye anayesimama buchani akikata nyama kwa shoka, vipande vikubwa visivyolingana, na Omolo anakaa nje kwenye benchi, mkono ukiwa mapajani, akiwaamkia watu.

Na mimi? Jina langu lilipanda. Watu walisema, "Fundi alimwonya, lakini Omolo mbishi." Nilikuwa nikisikia hivyo nikiwa karakanani, nikipiga nyundo kwa nguvu zaidi ili nisisikie vizuri. Omolo mwenyewe alikuwa akiwaambia wateja wangu, "Msikilizeni akisema msizungushe." Maneno yale yalinichoma kuliko kama angenitukana.

Siku moja nilichukua vile vipande nikaenda Kisumu kwa Mzee Swaleh. Alikuwa amezeeka, anakaa barazani na miwani minene. Nikaviweka mkononi mwake. Alivigeuza kuelekea mwangaza, akapitisha kidole gumba mahali penye weusi.

"Ulipaka chaki?"

"Nilipaka."

"Ukaona nini?"

Akasubiri. Mzee huyu alikuwa na subira ya kukuua.

"Niliona uzi," nikasema.

Alinirudishia vipande. "Basi hujaja kwangu kwa habari ya chuma. Chuma kilikwambia ukweli. Aliyenyimwa ukweli ni mwingine, na hakai hapa."

"Mzee, nikimwambia ataniharibia jina."

"Ndiyo," akasema. "Huenda." Akamwita binti yake alete chai, na hakulizungumza tena.

Nilishuka Kisian mchana, nikavuka barabara moja kwa moja kabla miguu haijabadili nia. Omolo alikuwa kwenye benchi. Mama Achieng' alikuwa ndani akikata nyama ya mteja. Nilisimama nikiwa nimevishika vipande mkononi, na mwanzoni nilizungumza vibaya, nikaanza na springi na mashimo ya barabara. Omolo akanikata.

"Unataka kusema nini, ndugu yangu?"

"Niliuona ufa kabla sijakupa. Nikauficha. Kisu hakikuvunjika kwa sababu ulikizungusha. Kingevunjika tu, leo au kesho."

Shoka ndani ya bucha lilinyamaza. Mteja alichukua mfuko wake akaondoka bila kuaga. Omolo alinyoosha mkono wa kushoto, akachukua vile vipande, akavitazama kwa muda mrefu. Nilimwonyesha weusi. Nilimwonyesha na kijivu.

"Pale ufukoni," akasema, "ulitaka kukinoa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Mama Achieng' alitoka nje akijifuta mikono kwenye aproni. Hakupandisha sauti. "Miezi yote hii amekuwa akijiita mjinga usiku na mchana," akaniambia. "Nami nimekuwa nikimwita hivyo hivyo. Nenda nyumbani kwako."

Nikaenda. Habari ilifika Bondo kabla ya jua kuzama, na wateja wakapungua kama maji ya kiangazi. Walikuwa na haki. Wachache waliobaki niliwaambia wapake chaki wenyewe mbele yangu, na nikaona kwamba hilo lingepaswa kuwa desturi tangu mwanzo. Nanyi lifanyeni. Mteja aone chuma chake kabla hakijavaa mpini, maana mpini mzuri hufunika mengi.

Miezi ilipita bila Omolo kunisalimia. Kisha asubuhi moja aliingia karakanani, akavuta gogo akakaa karibu na moto.

"Nataka kisu cha mkono wa kushoto," akasema. "Utakitengeneza nikiwa nimekaa hapa."

Alikaa siku mbili. Alitazama kila kitu, alichagua springi mwenyewe, alipaka mafuta ya taa na unga wa chaki mwenyewe kwa mkono wake wa kushoto usiozoea, akirudia mara tatu. Hatukuongea zaidi ya "lete" na "shika". Nilichonga mpini wa mti wa mkwaju kufuata kiganja chake cha kushoto, na mbele yake nikaacha kizuizi cha chuma, ili mkono usiteleze tena kwenda kwenye makali. Makali niliyanoa nikiinua mgongo wa kisu kiasi cha njiti mbili za kiberiti kutoka kwenye jiwe, ndiyo pembe ya kisu cha kuchunia, msiinue zaidi.

Kilipokwisha nilimpa. Hakukipokea. Alitoka akavuka barabara, akarudi na mguu wa ng'ombe wenye nyonga nzima, akauweka juu ya meza yangu ya kazi.

"Kichomeke kwenye kiungo," akasema. "Mpaka kikwame."

Nikakichomeka.

"Sasa kizungushe."

Nilimtazama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayesubiri chenji yake. Hakuna fundi anayezungusha kisu ndani ya mfupa, nimewaambia hivyo, na mkono wangu ulikuwa mtupu, bila glavu. Nilikamata mpini, nikaegemea uzito wangu wote kama alivyoegemea yeye, nikazungusha. Mfupa ulilia. Chuma kilipinda, nikakihisi kikipinda mpaka kwenye kiwiko changu, kisha kikarudi kikanyooka, na kiungo kikafunguka.

Omolo akakichomoa mwenyewe. Akakitazama mgongo na makali, akakipangusa kwenye suruali yake, akakitia kwenye ala. Akasimama mlangoni akinipa mgongo.

"Kesho nina ng'ombe wawili," akasema. "Mkono huu bado haujui kazi. Uje alfajiri unishikie miguu."

Nilienda kesho yake, na siku zilizofuata, karibu mwaka mzima, nikishika miguu ya ng'ombe kwenye damu na mavi huku mkono wake wa kushoto ukijifunza. Mwanzoni alitoboa ngozi nyingi. Kisha akaacha kuzitoboa. Siku alipochuna ng'ombe mzima bila tundu hata moja hakujisifu. Alianza tu kunisimulia mpira.